Sifuri Tatu Zinazozaa Moja

Kabla ya salamu, naomba mtazame ukutani. Kuna seli tatu za lahajedwali, yaani visanduku vya jedwali la kompyuta linalojihesabia, zilizopangwa moja chini ya nyingine, na ya nne inazijumlisha. Tusome pamoja: sifuri, sifuri, sifuri. Jumla, moja.

Nawasikia mnavyocheka. Mwenzetu mmoja kule nyuma ameshatoa hukumu kwamba kompyuta ni mbovu. Si mbovu. Katika kila seli kati ya zile tatu nimeandika 0.4, na 0.4 mara tatu ni 1.2. Nilichofanya ni kuiagiza programu isionyeshe desimali. Ikikadiria 0.4 inapata 0, ikikadiria 1.2 inapata 1. Kila seli ukiihoji peke yake imesema kweli. Zikisimama pamoja kizimbani, zinatoa ushahidi ambao hata mtoto wa darasa la kwanza ataukataa.

Sasa naweza kuwasalimu. Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja kumsikiliza mtu akizungumzia alama za reli (#) na nukta mkato (;). Najua zipo mada tamu kuliko hii. Lakini nimeshika majedwali ya watu wengi, na nimeona kwamba makosa ya fomula hugunduliwa mapema kwa sababu yanapiga kelele. Makosa ya sura hukaa kimya. Hupita kwa karani, kwa mhasibu, kwa mkuu wa idara, kila mmoja akitia saini yake pale chini.

Neno lenyewe kwanza. Vitabu vinasema umbizo, na kitendo chake ni kuumbiza. Wengi wetu kazini tunasema fomati, na sina ugomvi na yeyote. Leo nitasema umbizo kwa sababu ndani yake mna umbo, na umbo ndilo ninalotaka tulitazame. Kila seli ya lahajedwali ina vitu viwili. Ina thamani, yaani kile kilichohifadhiwa na kinachoingia kwenye hesabu. Halafu ina vazi ambalo thamani hiyo huvaa inapojitokeza mbele yetu. Fomula haijali mavazi, inajumlisha miili. Jicho la msomaji halioni mwili, linaona vazi tu. Kila tatizo nitakalolitaja leo limezaliwa katika nafasi iliyopo kati ya hao wawili.

Mwaka 1979, Dan Bricklin na Bob Frankston walipotoa programu ya lahajedwali iitwayo VisiCalc kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, mtumiaji alipewa mavazi machache yaliyokwisha kushonwa: namba kamili, namba yenye tarakimu mbili baada ya nukta kwa ajili ya fedha, kusogeza maandishi kulia au kushoto, na hata safu ya vinyota iliyofanya kazi ya grafu. Uchague moja kati ya hayo, basi. Leo katika Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc tumepewa kitambaa, sindano na uzi. Ukibonyeza Ctrl na 1 kwenye Excel, ukashuka kwenye orodha ya aina za namba hadi palipoandikwa Custom, utakuta kisanduku kidogo cha kuandikia. Watu wengi wamekiona, wakaona vile viherufi vya ajabu, wakafunga dirisha haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Kile kisanduku ni lugha. Ndogo sana, ina maneno machache kuliko vidole vya watu waliokaa safu hii ya mbele, lakini ni lugha.

Nianze na kosa la watu wenye nia njema. Mtu ana safu ya muda wa kazi mbalimbali na anataka msomaji ajue kwamba ni siku, si wiki wala saa. Basi anaandika ndani ya seli: siku 5. Chini yake, siku 12. Chini yake, siku 3. Anaweka fomula ya jumla na inamjibu sifuri. Kwa nini? Kwa sababu alipochanganya neno na tarakimu, seli ikawa maandishi, na jumla huyaruka maandishi bila kuuliza. Nimeona watu wakilitatua hili kwa kuongeza safu nyingine pembeni yenye namba tupu. Baada ya wiki mbili mtu anarekebisha safu moja na kuisahau ya pili, na hapo jedwali lina kweli mbili.

Dawa ni kuandika 5 peke yake, kisha kuivalisha umbizo hili:

"siku "0

Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu yanaonyeshwa kama yalivyo. Sifuri inasema: hapa iwekwe namba. Thamani inabaki 5, jumla inafanya kazi, na msomaji anaona siku 5. Tazameni mpangilio wake. Mifano mingi ya kufundishia imetoka katika lugha nyingine na inaonyesha kipimo kikiifuata namba, na watu wetu wanainakili vivyo hivyo mpaka majedwali yao yanasema 5 siku. Hakuna anayetulazimisha. Kiswahili kinatanguliza jina, basi litangulize. Msisahau kile kiambaza chembamba cha nafasi tupu kabla ya alama ya kufunga nukuu, la sivyo mtapata siku5. Wala msiache alama za kunukuu zenyewe, maana ndani ya lugha hii herufi s ni sekunde, d ni siku, m ni mwezi, na programu itakataa neno lenu au italielewa kwa namna yake.

Siku haina taabu kwa sababu haibadiliki kwenye wingi. Je, watu? Hapa ndipo ninapopapenda. Umbizo linaruhusu masharti ndani ya mabano ya mraba:

[=0]"hakuna mtu";[=1]"mtu "0;"watu "0

Andika 0, seli inasema hakuna mtu. Andika 1, inasema mtu 1. Andika 40, inasema watu 40. Mwili wa kila seli bado ni namba tupu, unaweza kuutafutia wastani. Mara ya kwanza nilipoona seli ikifuata upatanisho wa ngeli nilifurahi kuliko mtu mzima anavyopaswa kufurahi. Mtu akitaka kitabu na vitabu, au jina na majina, njia ni hiyo hiyo. Na mvivu achague nomino za ngeli ya siku, nyumba na saa, apumzike.

Tuzitazame sasa alama zinazosimama badala ya tarakimu. Ziko tatu: sifuri (0), alama ya reli (#), na kiulizi (?). Sifuri ni mlinzi mkali: nafasi yake lazima ijazwe, na kama hakuna tarakimu itawekwa 0. Kwa hiyo 0.00 huigeuza 7.5 kuwa 7.50. Reli ni mpole: ikiwepo tarakimu itaonekana, isipokuwepo basi. Upole huo una gharama zake. Umbizo la #.## likipewa 7 linaonyesha 7 na nukta inayoning'inia bila kitu mbele yake, na likipewa 0.5 linaanza na nukta kama mtu aliyevaa koti bila shati. Tena #,### likikutana na sifuri halionyeshi chochote, na msomaji hajui kama seli ni tupu au ina sifuri. Ndiyo maana mafundi huandika #,##0, ambapo tarakimu ya mwisho ina mlinzi. Kiulizi, alama ya tatu, hufanya kama reli lakini huacha nafasi tupu ya upana wa tarakimu, ili nukta za desimali zipangane wima hata kama namba moja ina desimali mbili na nyingine ina moja. Hutumika pia kwa sehemu: # ?/? huionyesha 0.75 kama robo tatu, kwa mkwaju. Sina mengi ya kusema hapo isipokuwa hili: weka umbizo la sehemu kabla ya kuandika 3/4, kwa sababu ukiandika kwanza, Excel itadhani unataja tarehe.

Nitaje mkato (,), halafu tuendelee. Ukiwa katikati ya tarakimu unatenganisha maelfu. Ukiwa mwishoni kabisa, unaficha tarakimu tatu; ukiwa miwili unaficha sita. Wenzetu wanaotumia kompyuta zilizopangwa kwa utaratibu wa nchi ambazo mkato ndio desimali watabadilisha nafasi za nukta na mkato, wataandika #.##0,00. Faili likihamia kwenye kompyuta nyingine umbizo la seli linajitafsiri lenyewe.

Umbizo kamili lina vyumba vinne, vinavyotenganishwa na nukta mkato. Cha kwanza ni cha namba chanya, cha pili cha namba hasi, cha tatu cha sifuri, cha nne cha maandishi. Ukijenga chumba kimoja tu, namba zote zinalala humo, na alama ya kutoa inajiweka yenyewe kwa zilizo hasi. Sikilizeni kwa makini hapa. Ukijenga chumba cha pili, alama ya kutoa haiji tena yenyewe. Umeshachukua dhamana ya namba hasi, na kama hukuandika alama hiyo kwa mkono wako, haitaonekana.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Niliwahi kuandaa jedwali nikataka upungufu uonekane kwa wekundu, nikaandika hivi:

#,##0;[Red]#,##0

Kwenye skrini lilipendeza. Namba hasi ziliwaka nyekundu, na mimi niliyelitengeneza nilijua maana yake. Kisha likachapishwa kwa wino mweusi, likagawiwa mezani. Upungufu wote ukageuka ziada. Kikao kiliendelea kwa muda mzuri kikiwa na furaha isiyo na msingi, mpaka mtu mmoja aliyekuwa na kalkuleta akauliza mbona jumla haifiki. Tangu siku hiyo rangi kwangu ni pambo, kamwe si habari. Wapo wasomaji wasiotofautisha nyekundu na kijani, zipo printa za wino mweusi, zipo nakala za nakala. Andika alama ya kutoa, au tumia mabano kama wahasibu:

#,##0_);(#,##0)

Kile kistari cha chini kinachofuatwa na bano kinasema: acha nafasi yenye upana wa bano. Bila hicho, namba chanya zingesogea kulia kidogo kuliko zile za ndani ya mabano na safu ingeonekana kama meno yaliyopishana. Fundi aliyebuni hicho alikuwa na jicho.

Chumba cha sifuri kina matumizi yake. Umbizo la 0;-0;"hakuna" hutofautisha sifuri halisi na namba ndogo iliyokadiriwa. Sifuri halisi itaandikwa hakuna, na 0.3 itaandikwa 0, kwa sababu programu huchagua chumba kwa kutazama thamani, si kwa kutazama kitakachoonekana. Kanuni hiyo hiyo huzaa kituko katika umbizo hili, ambalo nimelikuta kwenye taarifa nyingi:

[>=1000000]"milioni "0.0,,;[>=1000]"elfu "0.0,;0

Ni zuri. 2,480,000 inasomeka milioni 2.5, 3,200 inasomeka elfu 3.2. Ipe sasa 999,960. Haijafika milioni, kwa hiyo inaingia chumba cha pili; humo inagawanywa kwa elfu na kukadiriwa, na seli inatangaza elfu 1000.0. Hakuna binadamu anayesema elfu elfu moja. Ukiweka sharti la kwanza kuwa 999950 badala ya milioni kamili, kituko kinakwisha. Ni jambo dogo, lakini ndilo linaloonyesha kama mtu amelijaribu umbizo lake kwenye kingo au amelijaribu katikati tu.

Asilimia nitaipita mbio. Alama ya asilimia huonyesha thamani mara mia. Seli yenye 5 ukiivalisha asilimia inakuwa 500%. Seli iliyokwisha kuvalishwa asilimia ukiandika 5 inakuwa 5%, na thamani yake ni 0.05. Wanaogombana kuhusu hili mezani kwa kawaida wote wako sahihi, walitofautiana tu katika kuanza.

Nakuja kwenye tarehe, na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe haipo. Ndani ya seli hakuna mwezi wala mwaka, kuna hesabu ya siku. Katika Excel ya kawaida, 1 ni tarehe 1 Januari 1900, na kila siku inaongeza moja. Andika 45000 kwenye seli, ivalishe umbizo la tarehe, utapata 15 Machi 2023. Saa ni sehemu ya siku: 0.5 ni saa sita mchana. Ukilielewa hilo, kutoa tarehe mbili ili kupata idadi ya siku hakuwi muujiza tena, ni kutoa tu.

Sasa andika 60, uivalishe tarehe. Excel itakuonyesha 29 Februari 1900. Siku hiyo haikuwahi kuwepo. Mwaka unaofunga karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400, na 1900 haugawanyiki. Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali iliyotamba kuanzia mwaka 1983, iliuhesabu 1900 kuwa mwaka mrefu, na Excel ilipokuja ikalirithi kosa hilo kwa makusudi ili majedwali ya Lotus yafunguke bila tarehe kuhama. Matokeo yake ni kwamba ukiivalisha 1 jina la siku, Excel inasema Jumapili, ilhali dunia siku ile ilikuwa Jumatatu. Kuanzia tarehe 1 Machi 1900 kila kitu kiko sawa, kwa hiyo hamna haja ya kukosa usingizi. Mimi huifikiria tu mara kwa mara: siku ya bandia imo ndani ya mamilioni ya mafaili, na hakuna anayethubutu kuifuta.

Herufi za tarehe ni rahisi. d moja hutoa tarakimu bila sifuri, dd hutoa pamoja na sifuri, ddd hutoa jina la siku kwa kifupi, dddd jina zima. Mwezi ni vivyo hivyo kwa m, mwaka kwa y. Mtego ni kwamba m ni mwezi na ni dakika pia. Inakuwa dakika ikiifuata h ya saa moja kwa moja au ikitangulia s ya sekunde. Mtu anayeandika mm peke yake akitarajia dakika atapewa mwezi, na kwa kuwa dakika 7 na mwezi wa 7 vinafanana, anaweza asigundue.

Je, majina ya siku kwa Kiswahili? Kwenye Excel ya Windows kila lugha ina namba yake ya utambulisho, na Kiswahili kina 441. Andikeni:

[$-441]dddd, d mmmm yyyy

na 45000 itajitaja: Jumatano, 15 Machi 2023. Huna haja ya kubadili lugha ya kompyuta nzima, wala ya kutengeneza orodha ya miezi kwa mkono. Naona kalamu zimeanza kukimbia, ngoja nisubiri.

Faida ya kuandika jina la mwezi si urembo. 04/05 ni Mei kwa msomaji mmoja na Aprili kwa mwingine, na kila mmoja anajiamini. Jina la mwezi humaliza mjadala. Mkihitaji tarakimu tupu, tumieni yyyy-mm-dd, mpangilio wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601. Una sifa nyingine kwamba hata ukigeuka maandishi bado unapangika kwa mfuatano sahihi.

Halafu kuna hesabu ya masaa. Mtu amefanya kazi saa nane na nusu kwa siku tano. Jumla ni 42:30. Ukiiacha katika h:mm, seli itaonyesha 18:30, kwa sababu h inasoma saa ya ukutani: ikifika 24 inaanza upya, na ile siku nzima iliyopita inamezwa. Thamani bado ni kamili, 1.77 na ushei. Zungushia h mabano ya mraba:

[h]:mm

na siku iliyomezwa inarudi: 42:30. Ningekuwa na dakika moja tu ya kuzungumza leo, ningeitumia kwa mabano hayo mawili. Wapo watu waliopunjwa masaa yao kwa kukosekana kwa mabano mawili, na aliyetengeneza jedwali hakuwa na nia yoyote mbaya.

Mpaka hapa nimewaambia kwamba vazi haligusi mwili. Lazima niseme pia ni wapi kauli hiyo inakoma.

Kwanza, kuna madhara yanayotokea mlangoni, wakati wa kuandika, kabla umbizo halijapata nafasi. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Andika namba ya utambulisho yenye tarakimu 16, na ya mwisho itakuwa 0. Hakuna umbizo litakaloirudisha, kwa sababu haipo. Namba zisizofanyiwa hesabu, kama za simu, za kadi au za usajili, zivalishwe umbizo la maandishi, alama ya @, kabla ya kuandikwa, au zitanguliwe na ritifaa ('). Wanasayansi wa jeni waliyaona haya kwa ukubwa wake. Majina kama SEPT2 na MARCH1 yalikuwa yakigeuzwa tarehe mara yanapoingia kwenye lahajedwali, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta takriban makala moja kati ya tano zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel ikiwa na makosa hayo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua: SEPT2 iitwe SEPTIN2, MARCH1 iitwe MARCHF1. Jeni zikabadilishwa majina ili zipatane na lahajedwali. Mwaka 2023 Microsoft ikaweka chaguo la kuzima ugeuzaji huo.

Pili, kuna mlango wa kutokea. Ukihifadhi jedwali la Excel kama CSV, yaani faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, kinachoandikwa kwenye faili ni kile kinachoonekana. Rudini ukutani kwenye zile sifuri tatu. Nikizihifadhi hivi zilivyo, faili litaandikwa 0, 0, 0 na 1. Zile 0.4 hazitakuwemo popote. Kilichokuwa vazi kimekuwa mwili, na atakayelifungua faili hilo kwenye mfumo mwingine hana njia ya kujua. Kabla ya kutoa CSV, irudishe safu kwenye umbizo la kawaida; Ctrl, Shift na alama ya ~ hufanya hivyo mara moja. Isipokuwa tarehe, hizo ziachieni yyyy-mm-dd. Na namba za 00042? Umbizo la 00000 litaziandika vizuri kwenye CSV, lakini atakayelifungua faili kwa kulibofya mara mbili atakuta 42. Hiyo siyo kosa la faili. Ni mlango wa kuingilia tena.

Kuna pia chaguo ndani ya Excel la kuulazimisha usahihi ufuate kinachoonekana. Litaondoa kitendawili cha sifuri tatu kwa kuua zile 0.4 moja kwa moja, kitabu chote, yaani faili zima, bila kurudi. Programu yenyewe hukuonya. Mimi ninasema lisiguswe. Ukitaka kukadiria, tumia fomula ya ROUND katika seli unayoitaka, pale kila mtu anaweza kuiona.

Vivyo hivyo fomula ya TEXT. Inatumia alama zile zile, lakini jibu lake ni maandishi. Ukiitumia kupata majina ya miezi kisha ukapanga, Agosti itatangulia Aprili, na Desemba itaitangulia Februari. Tena alama zilizo ndani ya fomula hiyo hazijitafsiri zinapohamia kompyuta ya lugha nyingine, tofauti na umbizo la seli. Itumieni mnapounganisha namba na sentensi, basi.

Mtu mmoja aliniandikia karatasi kabla hatujaanza: je, nukta mkato tatu, ;;; bila kitu kingine, zinaficha siri? Zinaficha kwa macho. Vyumba vyote vinne vimekuwa vitupu, kwa hiyo hakuna kinachoonyeshwa. Lakini bofya seli na thamani yote iko juu kwenye upau wa fomula. Ni pazia, tena la kitambaa chepesi. Mishahara ya watu isiwekwe nyuma yake.

Dada uliyeinua mkono tangu nilipotaja masaa, karibu. Anauliza kuhusu seli inayojaa reli, ##### mpaka ukingoni.

Mara nyingi safu ni nyembamba, ipanue. Ukiipanua hadi ikaila nusu ya skrini na reli zikabaki, basi una muda ulio hasi: umetoa 10:30 kwenye 9:00, na Excel yenye kalenda ya 1900 haiwezi kuonyesha saa iliyo chini ya sifuri. Utashauriwa uhamie kalenda ya 1904, inayoanza kuhesabu siku mwaka huo. Itaonyesha, ndiyo, lakini tarehe zote zilizomo kwenye kitabu zitasogea siku 1,462, na hutaki kuwa mtu atakayelieleza hilo. Zidisha tofauti yako kwa 24, ipate kuwa masaa ya kawaida kwa desimali, yaani -1.5, kisha ivalishe hivi:

"saa "0.0;"pungufu saa "0.0

Hapa nimeiacha alama ya kutoa kwa makusudi, kwa kuwa neno limeibeba. Iandike tuone. Haya, inasomekaje? Pungufu saa 1.5. Ndiyo hiyo. Anayefuata.